Sufuria moja, bia kumi na nne: kisa cha maji ya kimea ya kiwandani

Kisa hiki kinahusu kundi la wapika bia wa nyumbani, watu 14, walioomba maji ya kimea kwenye kiwanda kidogo cha bia, wakagawana lita 20 kila mmoja, kisha kila mtu akaenda kumalizia kazi kwake. Mimi nilikuwa mmoja wa waratibu wawili. Majina ya watu, mahali na jina la bia nimeviondoa. Kiwanda nacho sikitaji, maana walitutendea wema na sehemu kubwa ya makosa ilikuwa yetu. Namba za joto, uzito na saa ni zile tulizoandika kwenye daftari.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupika: maji ya kimea hupatikana pale shayiri iliyochipuzwa na kukaushwa inaposagwa na kulowekwa kwenye maji ya moto. Sukari hutoka, machicha huchujwa, na yale maji matamu huchemshwa pamoja na hopsi, maua makavu yanayoyapa uchungu. Hapo bado hayana kilevi hata chembe. Hamira ndiyo huyageuza kuwa bia.

## Tulitaka nini

Kupika bia nyumbani kuanzia kwenye punje ni kazi ya kutwa. Kimea kisagwe, kilowekwe kwenye nyuzi kati ya 65 na 68 za Selsiasi kwa muda wa saa nzima, kichujwe, maji yachemshwe, yapozwe. Ukikosea asubuhi, kasoro utakayoionja mwezi unaofuata hutajua ilizaliwa hatua gani. Kundini kwetu bia zilikuwa zikitofautiana sana, na kila tulipokutana kuonja mabishano yalikuwa yaleyale: huyu analaumu kimea, yule analaumu maji, mwingine hopsi.

Wazo la kwenda kiwandani lilitoka hapo. Kama wote tutaanza na maji yaliyotoka kwenye sufuria moja, saa ileile, basi tofauti itakayobaki itakuwa imeletwa na mikono yetu: hamira, joto, usafi na muda.

Lilikuwa wazo zuri na bado naliamini. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba maji yaleyale yataendelea kuwa yaleyale baada ya kutoka kwenye koki.

## Makubaliano

Kiwanda kilikuwa kikipika zaidi ya lita 2,000 kwa mkupuo. Mpishi mkuu wake, mtu mtulivu ambaye sote tulizoea kumwita Mwalimu kwa jinsi anavyopenda kueleza, alisema sufuria yake hutoa ziada kidogo kuliko tangi linavyohitaji. Alikuwa tayari kutupa lita 280, ilimradi tangi lake lijae kwanza. Masharti yake yalikuwa machache. Jina la bia yake tusilitumie kwa chochote tutakachotengeneza. Hamira yake hatoi. Vyombo tuje navyo wenyewe vikiwa safi.

Lita zile aliziandika kwenye vitabu vya kiwanda kama maji yaliyotoka kabla ya kutiwa hamira, kwa sababu kiwanda hulipa ushuru, na lita zinazopotea bila maelezo huzua maswali. Sheria za mambo haya hazifanani kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa hiyo nasi tuliuliza mamlaka husika mapema na kupata jibu la maandishi. Hatua hiyo ilituchukua wiki mbili, na namsihi yeyote anayefikiria kufanya hivi asiiruke.

Mkutano wetu wa maandalizi ulizidi saa mbili. Nimelifungua daftari la siku ile na kuona tulivyotumia muda: nani ajaziwe kwanza, nani ana gari, nani atatumia hamira gani. Tulipiga hata kura ya mpangilio wa foleni. Lakini maswali matatu hayakuulizwa na yeyote. Maji yatatoka yakiwa na joto gani? Yatakuwa na uzito gani, yaani sukari kiasi gani? Na ratiba ikivurugika, nani ana neno la mwisho?

## Siku yenyewe

Tuliambiwa tufike saa nne asubuhi. Tulimkuta Mwalimu kapiga magoti mbele ya tangi la kuchujia. Machicha yalikuwa yameshikamana na kuziba tangu alfajiri, maji hayashuki. Hili huwapata hata wazoefu: ukivuta maji kwa kasi, machicha hujikandamiza yakawa kama udongo wa mfinyanzi. Ilimbidi aingize maji ya moto kutokea chini, ayainue machicha, ayaache yatulie, kisha aanze upya kwa mwendo wa pole. Kuchemsha kulianza saa sita mchana. Baada ya kuchemka maji yalizungushwa kwenye tangi lake ili mabaki ya hopsi na mashapo yakusanyike katikati, ndipo likaanza kujazwa tangi la kiwanda kama tulivyokubaliana.

Njiani kuelekea tangini maji ya kimea hupita kwenye mtambo wa kupozea wenye mabamba mengi membamba: upande huu wa bamba maji ya kimea, upande ule maji baridi. Yale maji baridi hutoka kwenye akiba iliyopozwa usiku kucha. Lita elfu mbili zilipokwisha kupita, akiba ilikuwa karibu kwisha.

Zamu yetu ilifika saa tisa alasiri, tukiwa tumechelewa kwa saa tano. Dumu la kwanza lilijaa likiwa na nyuzi 20. La tano, 22. La nane, 24. Nilikuwa nimechuchumaa na kipimajoto kwenye mdomo wa mpira, namwona Mwalimu anatazama mkono wangu bila kusema neno. Dumu la tisa lilianza na 28 na kumalizika na 33. Namba ilipogusa 34 niliomba koki ifungwe.

## Kwa nini tulifunga koki

Watu watano walikuwa bado hawajapata, wamesimama tangu asubuhi, na mmoja akaniambia waziwazi: "Kaka, joto la nyuzi 34 ni la kuoga mtoto. Jaza tu, yatapoa njiani." Namwelewa. Maji yalikuwa yanaonekana mazuri, rangi ya asali, yananukia vizuri.

Tatizo ni kwamba hapo ndipo bakteria wanapostawi. Chini ya nyuzi 5 wengi wao hulala, na juu ya nyuzi 80 hufa. Katikati, kwenye maji yaliyojaa sukari na protini na yasiyo na hamira ya kuwashinda, huzaana kwa kasi. Dumu la lita 20 likishafungwa halipoi haraka, hata likiwekwa kivulini. Lingebaki na uvuguvugu ule hadi usiku wa manane.

Tulikuwa na njia tatu. Kuendelea kujaza maji vuguvugu. Kusubiri akiba ya maji baridi ipoe tena, yaani saa tatu au zaidi, na wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wamemaliza zamu. Au kuukwepa mtambo wa kupozea na kuchukua maji ya moto moja kwa moja kutoka tangi la kuzungushia, ambako yalikuwa bado na nyuzi 88. Tulichagua ya tatu. Maji yenye joto hilo huua vijidudu vilivyomo kwenye chombo. Ukikijaza hadi juu, ukaikamua hewa, ukafunga na kukilaza ili maji ya moto yafike kwenye kifuniko, chombo huwa kimejisafisha chenyewe. Australia njia hii imezoeleka sana kwa wapika bia wa nyumbani, na maji ya kimea yaliyofungwa hivyo huuzwa madukani huko.

Uamuzi ule naufurahia hadi leo, lakini tuliufanya kwa pupa. Vyombo hatukuvikagua. Watatu kati ya wale watano walikuwa na madumu mazito yenye alama ya 2 ndani ya pembetatu, plastiki inayostahimili joto la karibu kuchemka. Wawili walikuja na chupa kubwa za maji ya kunywa, plastiki nyepesi yenye alama ya 1, ambayo huanza kulegea kwenye nyuzi kama 70. Chupa ya kwanza ilipoingia lita mbili, kitako kilivimba kikawa duara, ubavu ukajikunja kama nta karibu na moto, chupa ikaegama na kumwaga maji ya moto sakafuni kati ya miguu yetu. Aliyeshika mpira alikuwa amevaa mabuti ya kiwandani. Angekuwa na kandambili, kisa hiki kingekuwa cha hospitali, kwa sababu maji yenye sukari hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Mwalimu aliwaazima sufuria mbili za chuma cha pua zenye vifuniko. Walipata lita 15 kila mmoja.

## Usiku ule na siku zilizofuata

Saa moja usiku mwanachama mmoja alipima maji yake yakiwa yamepoa, haidromita ikasoma 1.062. Kifaa hiki huonyesha maji ya kimea ni mazito mara ngapi kuliko maji matupu, ambayo ni 1.000; sukari ikizidi, namba hupanda. Tulitarajia 1.048, kwa kuwa bia ya kiwanda kile ina kilevi cha karibu asilimia 5. Nilimpigia Mwalimu simu, akajibu kwa mshangao wa kweli: viwanda vingi hupika maji mazito, wakayachachusha hivyohivyo, kisha wakaongeza maji mwishoni ili tangi moja litoe bia nyingi zaidi. Kwake lilikuwa jambo la kila siku, hakuwaza kwamba hatulijui. Nasi hatukuuliza.

Tukawatumia wote ujumbe: lita 20 za 1.062 ziongezewe karibu lita 6 za maji yaliyochemshwa na kupozwa, au mtu ayaache mazito lakini aongeze hamira. Mmoja wa wale wenye sufuria za chuma alijibu: "Yangu yanasoma 1.046, niko sawa." Tulimpongeza. Hakuna aliyemuuliza maji yake yalikuwa na nyuzi ngapi alipopima.

Watano kati ya wanane waliopata maji ya baridi walitia hamira jioni ileile, ndani ya saa nne. Wa sita alilaza dumu kwenye friji kubwa, likaamka na nyuzi 5, akatia hamira baada ya saa 20. Wa saba alifika nyumbani amechoka kwa kule kusimama tangu asubuhi, akaliacha dumu jikoni, akatia hamira baada ya saa 18. Wa nane aliitwa kazini kwa dharura, akarudi baada ya saa 40 na kukuta povu limeshapanda kwenye dumu ambalo halijawahi kuona hamira.

Mwenye dumu la tisa, lile vuguvugu, alikuwa na haraka ya kuwawahi bakteria, akatia hamira maji yakiwa na nyuzi 31.

Wenye sufuria za chuma walizitumbukiza kwenye beseni za maji, wakabadilisha maji kila baada ya nusu saa, na hamira ikaingia kabla ya saa sita usiku. Wenye madumu mazito waliyaacha yapoe yenyewe. Mmoja alitia hamira kesho yake, mwingine siku ya tatu. Wa tatu, dada mmoja mwangalifu kuliko sisi sote, alipata safari ya ghafla. Dumu lake likabaki limefungwa, bila hamira, kwenye joto la chumba, kwa siku tisa.

## Dumu lililomwagwa

Aliporudi alinitumia picha. Dumu lilikuwa limenyonywa ndani mbavu zote kama inavyopaswa, maji yametulia, mashapo yamekaa chini, juu peupe. Aliandika: "Kaka, liko safi kabisa, hata kuvimba halijavimba. Nitie hamira?"

Nilimwomba asubiri, nikampigia mwenzetu anayefundisha kemia. Tulichokuwa tunakiogopa ni Clostridium botulinum, bakteria anayetengeneza sumu kwenye vyakula vilivyofungwa. Mbegu zake hustahimili kuchemka; kuziua kunahitaji joto la nyuzi 121 chini ya mgandamizo, na sufuria ya bia haifiki huko. Mbegu hizo huchipua mahali pasipo na oksijeni, penye joto la kawaida, na pasipo na ukali wa kutosha, yaani pH, kipimo cha ukali ambacho hushuka kadiri ukali unavyozidi, ikiwa juu ya 4.6. Maji ya kimea yana pH ya karibu 5.2. Kuchemsha kumeshaifukuza oksijeni, na sisi tukakamua hewa iliyobaki na kufunga. Kila tulichofanya ili kuwazuia bakteria wengine kilikuwa kinamwandalia huyu mmoja makazi. Sumu yake haina ladha wala harufu, na kiasi kidogo mno huua. Kwenye bia ya kawaida hatari hii haiwi kubwa kwa sababu hamira huishusha pH chini ya 4.6 katika siku moja au mbili za mwanzo. Kinacholinda ni hamira kuingia mapema. Dumu hili halikuwa nayo kwa siku tisa.

Yalikuja mabishano ya kweli. Mwanachama mmoja alisema sumu yenyewe huvunjika ikichemshwa, hata nyuzi 85 kwa dakika tano zinatosha, kwa hiyo dada achemshe tena na aendelee. Kuhusu sumu alisema kweli. Lakini ili uchemshe lazima ufungue, umimine, unyunyize, ushike kifuniko na mpira na meza, na kila tone linalobaki pembeni halijachemshwa. Na tungekuwa tunafanya yote hayo ili kuokoa lita 20 za maji ya sukari. Nilisema lisifunguliwe ndani ya nyumba. Dada alilimwaga nje na dumu lenyewe akalitupa.

Alisikitika sana, nami nilisikitika naye, kwa sababu yeye ndiye aliyefuata maelekezo yetu hatua kwa hatua. Tulimwambia namna ya kufunga. Hatukumwambia maji yanaweza kukaa kwa muda gani.

## Tulipoonja

Baada ya wiki sita tulikutana na Mwalimu, vikombe vimeandikwa namba tu. Bia nane zilikuwa nzuri, nne zikawa na kasoro, na mbili hazikufika mezani: lile dumu la siku tisa, na lile la saa 40, ambalo liligeuka kuwa na ukali wa siki na kumwagwa na mwenyewe.

Nne zenye kasoro kila moja ilikuwa na hadithi yake. Ile ya saa 18 jikoni ilinuka kabichi iliyochemshwa, bakteria wakiwa wamekula kabla ya hamira kufika. Ile ya nyuzi 31 iliisha kuchacha kwa siku mbili tu na kubaki na ukali unaochoma puani kama rangi ya kucha. Hamira ya bia ya aina ile hupenda nyuzi 18 hadi 22, na ikianza kazi hujiongezea joto yenyewe. Ya tatu ilikwama kwenye 1.028, tamu kupita kiasi. Mwenyewe alikuwa ametumia hamira ya majimaji iliyokaa friji miezi mitatu. Kwa maji mazito namna ile, lita 20 huhitaji seli hai kama bilioni 225, na chupa yake ya zamani haikuwa nazo. Nashukuru hakuitia kwenye chupa, maana sukari iliyobaki ikiamka ndani ya kioo kilichofungwa, chupa hupasuka.

Ya nne ilikuwa ya yule aliyesoma 1.046. Alipima maji yakiwa na nyuzi 60. Haidromita yake imetengenezwa kwa ajili ya nyuzi 20, na maji ya moto ni mepesi, kwa hiyo kwenye nyuzi 60 husoma pungufu kwa karibu alama 16. Maji yake yalikuwa 1.062 kama ya wengine. Hakuongeza maji, hakuongeza hamira, na bia ilisimama kwenye 1.020, nzito na yenye utamu unaochosha.

Zile mbili zilizofungwa zikiwa moto na kutiwa hamira kesho yake na siku ya tatu zilimshangaza Mwalimu. Zilikuwa chungu kuliko nyingine zote, na moja ilikuwa na harufu hafifu ya mahindi ya kuchemsha. Hopsi huendelea kutoa uchungu maadamu joto liko juu ya nyuzi 80, na dumu lililofungwa hukaa hapo kwa muda mrefu. Ile harufu ya mahindi nayo huendelea kuzalishwa na kimea chenye rangi nyeupe kwenye joto hilohilo, na kwa kuwa kifuniko kimefungwa haina pa kutokea. Kiwandani hopsi zilipimwa kwa hesabu ya maji yatakayopozwa mara moja. Hata hivyo zilikuwa bia safi, na watu watatu waliipa mojawapo namba ya kwanza.

## Tulipofaulu na tulipokwama

Kufunga koki kwenye nyuzi 34 kuliokoa bia. Ushahidi uko mezani: kati ya watano waliopata maji ya moto, watatu walitoa bia nzuri licha ya pilika zote, na yule mmoja aliyepata maji vuguvugu hakufanikiwa. Kuuliza mamlaka mapema na kuandika lita kwenye vitabu vya kiwanda kulituondolea wasiwasi. Na daftari la joto na saa, ambalo wengine waliliona usumbufu, ndilo limewezesha uchambuzi huu. Bila hilo tungerudi kwenye kulaumu kimea.

Kilichotukwamisha zaidi, kwa maoni yangu, ni mahali pale kwenye koki. Mwalimu alikuwa anajua kila kitu kuhusu maji yake: joto, uzito, uchungu uliokusudiwa, muda ambao maji yanaweza kukaa bila hamira. Maarifa hayo yote yalibaki kwake. Sisi tulipokea maji peke yake. Kiwandani hakuna pengo kati ya mpozaji na mtia hamira, maji hutiririka kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa dakika chache. Kwetu pengo lilikuwa la saa nne kwa wenye bahati na siku tisa kwa aliyekosa, na katika muda huo hakuna aliyekuwa na jukumu la maji.

Viwanda vyenyewe vilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kukuza hamira safi kutokana na seli moja, baada ya bia ya kiwanda kuharibika na yeye kuonyesha kwamba hamira mwitu ilikuwa imejichanganya. Walikuwa na wataalamu na hadubini, na bado mgeni aliingia. Sisi tulikuwa na mpira wa mita moja, wa kwetu wenyewe, ambao ulijaza madumu tisa na ambao, nikitazama picha za siku ile, ncha yake ililala sakafuni angalau mara mbili. Sishangai kwamba madumu yaliyokaa bila hamira jikoni yaliharibika. Nashukuru kwamba wengine waliwahi.

Kuchelewa nako tulikudharau. Saa tano zile hazikuharibu maji. Maji yalikuwa bado yako kwa Mwalimu, salama. Ziliwaharibu watu. Walifika nyumbani usiku, wamechoka, ratiba zao zimevurugika, na hapo ndipo yalipotoka madumu mawili kati ya yale yaliyoharibika. Mpango wetu ulikuwa na nafasi ya gari kuharibika lakini si ya mtu kuchoka.

## Mara ya pili

Mwalimu alikubali turudi. Safari hii tulimwandikia ukurasa mmoja wa maswali kabla ya kukutana: uzito, joto, kimea na hopsi, na nini kifanyike akiba ya maji baridi ikipungua. Yeye ndiye aliyependekeza tujaze nusu ya tangi lake, tuchukue sisi, kisha amalizie lake, ili maji baridi yatutoshe sote. Halikumgharimu kitu. Mara ya kwanza hatukumuuliza tu.

Vyombo tulivikagua siku mbili kabla, na chenye alama ya 1 hakikupita mlangoni. Mpira ulikuwa wa kiwanda, umelowekwa kwenye dawa yao, na mtu mmoja kazi yake ilikuwa kuushika ncha juu. Kila mtu alikuja na hamira mfukoni, gramu 16 ya unga kwa lita 20, yaani upande wa juu wa kile kipimo cha gramu 50 hadi 80 kwa lita 100 kinachopendekezwa na watengenezaji wengi wa hamira kavu. Maji yakiwa na nyuzi chini ya 24, hamira iliingia palepale uani kwa kiwanda, baada ya lita kuandikwa kwenye vitabu na kutoka rasmi mikononi mwao. Juu ya kila dumu tuliandika kwa kalamu nzito joto, uzito na saa ya hamira.

Dada aliyemwaga lake alijaziwa wa kwanza. Dumu la kumi na nne lilitoka na nyuzi 22.